Sura ya Tano: Huduma Inayorudi

Kinna iko kusini mwa Kaunti ya Isiolo, mahali ambapo malisho ya Waborana yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Meru na ile ya Bisanadi. Karibu yake ni Rapsu, penye mashamba ya kumwagilia maji. Mgonjwa wa Kinna anayehitaji hospitali kubwa ana njia mbili. Moja inapanda milima ya Nyambene hadi Maua, katika Kaunti ya Meru, ambako Wamethodisti walianzisha hospitali mwaka 1928. Nyingine inazunguka kupitia nchi kavu hadi Isiolo mjini, makao makuu ya kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti hiyo nzima, na 99,730 katika kaunti ndogo ya Garbatulla, ambamo Kinna imo.

Katika njia hizo mbili, mama aliyeshikwa na uchungu hutafutiwa gari, hata usiku. Aliyeumwa na nyoka hutafutiwa gari. Majirani huchanga, mwenye pikipiki huamshwa, na mgonjwa huondoka. Sikio halitafutiwi gari. Mtoto akitoka usaha sikioni tangu masika hadi kiangazi, hakuna anayechanga. Mzee akianza kunyamaza barazani kwa sababu hasikii tena wenzake wanasema nini, watu husema ni uzee. Hivyo ndivyo watu wengi wa nchi kavu wanavyopoteza kusikia: polepole, bila dharura, mbele ya macho ya watu wanaowapenda.

Sura hii inahusu huduma ya masikio kwa watu kama hao. Nimechagua Kinna kwa sababu hapa tatizo linaonekana lilivyo. Nairobi mtu anaweza kujidanganya kwamba shida ni uchache wa madaktari bingwa tu. Uchache huo upo. Ripoti ya Dunia kuhusu Kusikia, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Machi 2021, inasema kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, takribani 78 kwa kila 100 hazina hata daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Lakini hata daktari huyo angepatikana kesho na kuletwa Kinna kwa siku moja, bado sehemu kubwa ya kazi ingebaki. Sikio linataka mtu anayerudi. Usaha hukaushwa kila siku, matone huwekwa kila siku, kifaa cha kusikia hubadilishwa betri kila baada ya wiki moja au mbili, na mtoto kiziwi huongeleshwa kwa ishara kila saa ya maisha yake. Karibu kila kitu katika tiba hii ni kurudia. Huduma isiyorudi haifanyi kazi.

Tuanze na usaha, kwa kuwa ndio unaoharibu masikio mengi ya watoto na ndio unaozuilika kwa urahisi zaidi.

Kutoka nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaofika katika chumba kidogo nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo mafua ya kawaida hupata njia fupi ya kupanda sikioni. Chumba kinajaa majimaji, majimaji yanageuka usaha, ngoma inasukumwa, na mtoto analia usiku kucha. Kisha ngoma inapasuka. Usaha unatoka, shinikizo linashuka, na maumivu yanapungua. Mtoto analala. Mzazi naye anashukuru akidhani mtoto amepona, kumbe hapo ndipo ugonjwa mrefu unapoanza. Ngoma ikiziba yenyewe, vyema. Isipoziba, usaha unaendelea kutoka kwa wiki, miezi, hata miaka, na vile vifupa vitatu vidogo vinavyopeleka sauti ndani vinaanza kuliwa. Mara chache, lakini kwa hakika, maambukizi hayo hupenya hadi kwenye utando wa ubongo na kuua. Anayesema kwamba sikio haliui hajakaa wodini.

Mtoto huyo akienda shule hukaa darasani akisikia nusu ya maneno. Mwalimu anamwona mzembe au mkaidi. Asipokwenda shule yuko malishoni, na malishoni masikio ni sehemu ya kazi. Mchungaji hujua mifugo iko wapi kwa kengele ya ngamia kabla hajaiona. Huitwa na mwenzake kutoka mbali. Mpakani mwa hifadhi ya wanyama, kichaka kikivunjika nyuma yake, sikio ndilo linalompa nafasi ya kuondoka. Kwangu hili ni jambo zito kuliko alama za mtihani, ingawa vitabu vingi vya afya huzungumzia alama za mtihani.

Watu hutibu sikio kwa walicho nacho: mafuta yaliyopashwa moto, samli, maziwa ya mama, maji ya majani. Wanafanya hivyo kwa upendo na kwa sababu hawajapewa kingine. WHO inaonya dhidi ya kumimina chochote cha namna hiyo sikioni, na sababu ni rahisi kuieleza kwa mama yeyote: ngoma ikiwa na tundu, kinachomiminwa hakibaki nje, kinaingia mpaka ndani na kubeba vijidudu pamoja nacho.

Nini kinachofaa basi? Jibu lilitafutwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Kiambu kwa watoto 524 wa shule za msingi waliokuwa na usaha sugu. Baadhi yao walikaushwa masikio tu. Wengine walikaushwa, wakapewa na dawa za kuua vijidudu, za matone na za kunywa. Kundi la tatu halikupata tiba yoyote katika muda wa jaribio. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliokaushwa na kupewa dawa. Kwa waliokaushwa tu ulikoma kwa asilimia 22, na kwa wasiotibiwa asilimia hiyo hiyo 22.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya vijijini walifundishwa kwamba palipo na uhaba wa dawa, kukausha kwa kitambaa kunatosha. Kiambu ilionyesha kwamba kitambaa peke yake hakikuwa na tofauti na kutofanya lolote. Dawa ndiyo iliyoleta tofauti, juu ya sikio lililokwisha kukaushwa. Baadaye, mwaka 2005, utafiti mwingine kwa watoto 427 wa shule mkoani Nyanza ulilinganisha matone ya aina mbili: ciprofloxacin, na asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Baada ya wiki mbili usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 59 ya waliotumia ciprofloxacin, na asilimia 32 ya waliotumia ile nyingine. Leo matone ya ciprofloxacin yamo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu kwa watoto.

Utaratibu wenyewe ambao wahudumu wa watoto hufundishwa hauhitaji umeme wala chumba maalumu. Usaha ukiwa umetoka kwa siku 14 au zaidi, kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji husokotwa kama utambi, huingizwa taratibu sikioni, hutolewa kikilowa, kingine huingizwa, mpaka kitoke kikavu. Kisha matone huwekwa. Hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili. Mtoto aonwe tena baada ya siku 5.

Aonwe tena baada ya siku 5. Maneno hayo machache ndiyo yanayoamua kila kitu mahali kama Kinna. Mama amepata dawa kituoni, amerudi manyatta, boma limehama kufuata majani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana kaskazini mwa Kenya kwa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, na familia zilizobaki na wanyama ziliwafuata walikokuwa. Katika hali hiyo nani anakumbuka siku ya tano ya sikio? Tafiti za Kiambu na Nyanza zilikuwa na bahati moja: watoto walikuwa shuleni, mahali pamoja, kila asubuhi. Mtoto wa mfugaji anaweza kuwa kila mahali isipokuwa hapo.

Kuna somo kutoka Malawi ambalo kila mpangaji wa huduma katika Isiolo angepaswa kulijua. Katika wilaya ya Thyolo, watafiti waliwafuatilia watoto 150 waliokuwa wamechunguzwa na kuandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kwa matibabu ya masikio. Waliofika hospitali walikuwa 5. Wazazi waliohojiwa walitaja umbali, nauli, woga wa hospitali, na kutoelezwa vizuri waende wapi na kwa nini. Na Thyolo si jangwa. Ni nchi ya mashamba ya chai, yenye watu wengi na vijiji vilivyokaribiana. Kama rufaa inakufa Thyolo kwa kiasi hicho, karatasi ya rufaa inayoandikwa Kinna kwenda Isiolo mjini ina nafasi gani?

Malawi hiyo hiyo, katika wilaya hiyo hiyo, ilionyesha pia njia ya kutokea. Wahudumu wa afya wa vijijini walipewa mafunzo ya siku 3 kuhusu masikio, na ujuzi wao ulipanda. Walianza kuwatambua wagonjwa ambao hapo awali wangepita mbele yao kila siku bila kuonekana. Mafunzo mafupi, kwa mtu ambaye tayari anaishi kijijini na hataondoka.

Kenya inao watu hao. Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchi nzima, na mwaka huo huo sheria ya huduma ya afya ya msingi ikawapa nafasi rasmi. Kila mmoja alipewa mkoba na simu ya kuandikia habari za kaya anazozitembelea. Mkoba una kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto mwenye utapiamlo. Ni vifaa vizuri, na vimechaguliwa kwa magonjwa yanayoua haraka. Sikio halikukumbukwa. Taa ndogo ya kuangalia ndani ya sikio haimo.

Hebu tumfikirie mhamasishaji mwanamke wa Kinna, anayezungumza Kiborana na wenyeji wake, akiingia nyumbani kwa jirani. Anasalimia, anaulizia mvua na mifugo, anapewa chai. Kisha anauliza: “Mama, huyu mtoto sikio linatoka maji tangu lini?” Mama anajibu kwamba limekuwa likitoka na kukauka tangu alipokuwa akinyonya. “Ukimwita kwa nyuma anageuka?” Mama anafikiri kidogo. “Nikimwita kwa sauti ya kawaida hageuki. Nilidhani ni utundu.” Maswali mawili, na mtoto amepatikana. Hakuna mashine iliyotumika. Kilichotumika ni kwamba aliyeuliza ni jirani, anajua lugha, na wiki ijayo atapita tena. Akiwa na taa ya kuangalia, atajua kama ni nta, ni mdudu, ni punje ya mahindi, au ni ngoma iliyotoboka. Akiwa na matone, ataanza tiba siku hiyo. Asipokuwa navyo, atabaki kusema kile ambacho mama amekisikia mara nyingi: nenda kituoni.

Kwa mtoto mchanga maswali ni mengine, na kila mzazi anaweza kujiuliza mwenyewe. Je, anashtuka kwa kishindo? Akifika miezi sita, anageukia sauti? Akikaribia mwaka, anajaribu maneno ya kwanza? Mtoto asiyefanya hivyo achunguzwe mapema, kwa sababu ubongo hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo kabisa, na miaka hiyo haisubiri. Wataalamu hushauri uziwi ujulikane kabla ya miezi mitatu na msaada uanze kabla ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mbali na kituo, anaweza kufika miaka minne kabla mtu hajasema wazi kwamba hasikii.

Tusisahau kwamba chanjo ni tiba ya masikio pia, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Surua huharibu kusikia. Homa ya uti wa mgongo huharibu kusikia. Rubella ikimpata mama mjamzito inaweza kumzalisha mtoto kiziwi. Kenya iliingiza chanjo ya nimonia inayozuia kijidudu kikubwa cha masikio mwaka 2011, na ya surua pamoja na rubella mwaka 2016. WHO inakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Timu ya chanjo inayofuata wafugaji kwenye visima tayari imekwishafanya kazi ngumu ya kufika. Kuongeza taa ya sikio na katoni ya matone juu ya safari hiyo hiyo ni jambo dogo.

Lipo jambo jingine ambalo Isiolo inalijua kuliko kaunti nyingi. Isiolo imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa maeneo yenye kifua kikuu kingi nchini. Kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, kilitibiwa kwa miaka mingi kwa sindano za kila siku kwa miezi kadhaa, kanamycin ikiwa mojawapo. Sindano hizo huua chembe ndogo zenye vinyweleo katika sikio la ndani. Kila sikio lina chembe kama 15,000 hivi, na zikifa hazioti tena. Watu walipona kifua wakabaki na mlio usiokoma masikioni, au kimya. Mwaka 2018 WHO ilishauri tiba ya vidonge ipewe kipaumbele badala ya sindano hizo, na kanamycin ikaondolewa kabisa katika mapendekezo. Ni ushindi mkubwa. Lakini waliochomwa kabla ya hapo bado wapo, na walipoteza kusikia kwa sababu walitii masharti ya tiba mpaka mwisho. Huduma ya masikio inayoanzishwa leo ina deni kwao. Watafutwe kwa majina yaliyo katika daftari za kliniki za kifua kikuu, wapimwe, wasaidiwe.

Sasa vifaa vya kusikia. WHO inakadiria kwamba kati ya watu wanaoweza kufaidika na kifaa hicho duniani, wanaokitumia ni asilimia 17 tu, na katika Afrika hali ni mbaya zaidi. Pengo hilo limezaa desturi ya kambi za msaada: wageni wanafika na maboksi, watu wanapangwa foleni, masikio yanapimwa, vifaa vinavalishwa, picha zinapigwa, na jioni msafara unaondoka. Najua nia ya wengi wanaoziandaa kambi hizo ni njema, na nimewasikia watu wakilia kwa furaha waliposikia sauti za watoto wao. Hata hivyo sikubali kwamba hiyo ni huduma. Kifaa cha kusikia kinatumia betri ndogo ambayo hudumu wiki moja au mbili. Kinakaa juu ya kishikizo kilichochongwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja, na sikio la mtoto hukua, hivyo kishikizo cha mwaka jana huanza kulegea na kupiga mluzi. Jasho na vumbi, vitu ambavyo Kinna haina upungufu navyo, huziba njia ya sauti. Anayevaa kwa mara ya kwanza hushambuliwa na kelele za ulimwengu mzima kwa wakati mmoja, na bila mtu wa kumwambia avumilie, aanze na saa chache, arekebishiwe sauti, hukivua. Miezi mitatu baadaye kifaa kiko ndani ya kasha, kimefungwa vizuri pamoja na vitu vya thamani, na mwenyewe hasikii.

Botswana iliwahi kujibu swali la betri kwa namna inayofaa kabisa nchi ya jua. Katika kijiji cha Otse, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi ulioitwa Godisa ulitengeneza chaja ya betri za vifaa vya kusikia inayotumia mwanga wa jua, na waliokuwa wakiitengeneza kwa mikono yao walikuwa viziwi. Isiolo ina jua la kutosha kwa mwaka mzima. Na mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo unaosema kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wahudumu wasio mabingwa, wakifundishwa na kusimamiwa, wanaweza kupima na kuvalisha vifaa vya kusikia kwa watu wazima na kwa watoto wakubwa. Maana yake ni kwamba afisa tabibu au muuguzi wa kituo cha afya cha Kinna anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo leo inasubiri mtu wa Nairobi.

Upimaji wenyewe una mtego mmoja. Vipimo vingi vya kisasa vya simu humtaka mtu asikilize tarakimu zinazotajwa katikati ya kelele, kisha azibonyeze. Mzee wa Kinna huhesabu ngamia wake kwa Kiborana. Ukimpima kwa tarakimu za Kiingereza, na hata kwa Kiswahili kwa baadhi ya wazee, unachopima ni lugha yake na si masikio yake. Kaunti ikinunua programu ya aina hiyo, iulize kwanza kama ina Kiborana. Kama haina, sauti zirekodiwe. Ni kazi ndogo kwa kijana mwenye sauti safi na chumba tulivu.

Nimewataja wazee, na ni lazima nikae nao kidogo. Miongoni mwa Waborana, mambo ya visima, malisho na ugomvi huamuliwa kwa mazungumzo marefu ya wazee. Mtu aliyeheshimiwa miaka arobaini kwa kauli yake anapoanza kujibu swali ambalo halikuulizwa, watu hutazamana. Akiona wanatazamana, hunyamaza. Akizoea kunyamaza, huacha kuja. Msikitini anafuata safu kwa macho, hotuba ya Ijumaa inampita. Hii ni hasara ya jamii nzima, kwa kuwa anajua ni kisima gani kilidumu katika ukame upi, na nani alipatana na nani kwa masharti yapi. Familia inaweza kumsaidia hata kabla ya kifaa chochote. Mkaribieni, mguseni bega, mkae mbele yake penye mwanga ili aone midomo yenu, mseme polepole kwa sauti ya kawaida. Kupaza sauti hakusaidii sana. Huvuruga maneno, na humwaibisha mbele ya wajukuu.

Kisha yupo mtoto ambaye hakuna matone wala kifaa kitakachompa kusikia. Kwake yeye huduma ya kusikia ni lugha. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na ibara ya 120 inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Mtoto kiziwi wa Kinna ana haki ya lugha hiyo kama mbunge alivyo nayo. Lakini kwa kawaida ataipata kwa kwenda bweni, Isiolo mjini au Kaaga kule Meru, na akirudi likizo atakuwa na lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua. Mama yake atamwonyesha chakula na maji kwa vidole. Hawezi kumsimulia babu yake alikuwa nani. Hawezi kumfundisha dua, wala kumweleza kwa nini ndugu yake alikufa. Mzigo wa kujifunza hauwezi kuwa wa mtoto peke yake. Shule zinazowafundisha watoto hawa zingepaswa kuwa na walimu wanaofika vijijini wakati wa likizo, wakikaa na wazazi, ndugu na majirani. Na kijana kiziwi aliyemaliza shule ndiye mwalimu bora wa kazi hiyo. Apewe mshahara.

Kuna watakaosema kwamba kaunti maskini haiwezi kubeba yote haya. Ni kweli kwamba kaskazini ilirithi upungufu uliopangwa. Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri kwanza, na nchi za wafugaji zikasubiri kwa miongo. Lakini tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na Isiolo si mgeni wa majaribio makubwa: Desemba 2018 ilikuwa moja ya kaunti nne, pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos, zilizochaguliwa kuanza mpango wa afya kwa wote. WHO ilikokotoa kwamba kila dola inayowekezwa katika huduma ya masikio inaweza kurudisha karibu dola 16. Hata bila hesabu hiyo, ninachokieleza hapa si jengo wala mashine kubwa. Ni taa ya mkononi, pamba safi, matone, betri, nauli ya mhudumu, na mafunzo ya siku chache yanayorudiwa kila mwaka.

Nawaomba basi wawakilishi wa wadi za Kinna, Garbatulla na Sericho, bajeti ijayo ya afya itakapofika mezani, waulize kifungu cha masikio kiko wapi. Waulize matone ya ciprofloxacin yako katika vituo vingapi leo, na ni wahamasishaji wangapi wamefundishwa kuangalia sikio. Na wewe msomaji, popote ulipo, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayetoka usaha sikioni kwa zaidi ya wiki mbili, usimwekee mafuta. Mpeleke kituoni wiki hii, na umrudishe siku ya tano.